KABLA YA BARUA YA KUFUKUZWA
Sheria ya Kenya inamdai nini mwajiri, na mfanyakazi afanye nini akiitwa ofisini



Safari hii ukurasa wetu wa nchi jirani unakwenda Kenya. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu tuna ndugu na jamaa waliovuka mpaka kwenda kuchuma chai Kericho na Nandi, kukata maua Naivasha, au kusimama mbele ya mashine katika viwanda vya Thika na Mombasa. Ya pili ni kwamba kuna swali moja ambalo kila mfanyakazi hujiuliza, awe wa kiwandani au wa shambani, awe na kisomo au hana: Je, meneja anaweza kuniambia leo jioni kwamba kesho nisije kazini?

Jibu la Kenya lilibadilika sana mwaka 2008, na hata sasa si wafanyakazi wote wanaolijua. La ajabu zaidi ni kwamba hata mameneja wengi hawalijui vizuri, na kwa kutolijua huko makampuni yao hutoa fedha nyingi mahakamani ambazo zisingetoka kama ofisa utumishi angetumia saa moja tu kumsikiliza mtu.

MAMBO YALIVYOKUWA

Chini ya sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 1976, mwajiri hakulazimika kueleza kwa nini anamwondoa mtu. Alichotakiwa ni kutoa notisi, au kulipa mshahara wa muda wa notisi, kisha mambo yakaisha. Mfanyakazi aliyekwenda katika mahakama za kawaida kulalamika kwamba ameondolewa bila kosa aliambiwa kwamba haki yake ni mshahara wa muda wa notisi, basi. Mtu aliyefanya kazi miaka 20 na mtu aliyefanya kazi miaka miwili walipimwa kwa kibaba kimoja.

Wenye vyama walikuwa na nafuu. Mahakama ya Viwanda ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilisikiliza magomvi yaliyoletwa na vyama, na huko mwanachama aliweza kupata zaidi ya ile notisi. Lakini yule kibarua wa shamba ambaye hakufikiwa na chama hakuwa na pa kwenda.

Hapa inafaa tuseme jambo moja kwa fahari kidogo. Tanganyika ilikuwa na sheria ya kumlinda mfanyakazi asifukuzwe ovyo tangu mwaka 1964. Wazee wa NUTA wanazikumbuka Kamati za Wafanyakazi zilizowekwa na sheria ile, ambazo mwajiri alitakiwa kuzungumza nazo kabla ya kumpa mtu adhabu. Zilikuwa na kasoro zake, na pengine ziliketi upande wa menejimenti kuliko upande wa wenzao. Hata hivyo ile fikra, kwamba mwenye kampuni hawezi kuwa mshitaki, shahidi na hakimu peke yake chumbani, Kenya iliingoja kwa zaidi ya miaka 40 kabla ya kuiandika katika sheria inayomgusa kila mfanyakazi.

SHERIA YA MWAKA 2007

Mwaka 2007 Bunge la Kenya lilipitisha sheria tano za kazi kwa mpigo. Miongoni mwake ni Sheria ya Ajira, iliyoanza kutumika tarehe 2 Juni, 2008. Miaka miwili baadaye, Katiba mpya ya mwaka 2010 iliandika katika kifungu cha 41 kwamba kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki kazini, na Katiba hiyo hiyo ikaagiza iundwe mahakama ya mambo ya ajira na kazi yenye hadhi sawa na Mahakama Kuu.

Sheria ya Ajira nayo ina kifungu chake cha 41, na hicho ndicho kila mwakilishi wa chama anapaswa kukijua kama anavyolijua jina lake. Kinasema hivi kwa maneno yetu: kabla mwajiri hajamwachisha mtu kazi kwa sababu ya utovu wa nidhamu, au uzembe, au udhaifu wa mwili, sharti amweleze sababu anayoifikiria, kwa lugha ambayo mfanyakazi huyo anaielewa. Anapoelezwa, mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mwakilishi wa chama, ambaye amemchagua mwenyewe. Kisha mwajiri lazima amsikilize mfanyakazi na yule aliyefuatana naye, ayafikirie waliyoyasema, ndipo aamue.

Soma tena neno KABLA. Majaji wa Kenya wamelishikilia neno hilo kwa nguvu. Barua ya kufukuzwa ikiwa imekwisha chapwa na kuwekwa sahihi, halafu mtu akaitwa kuja "kujieleza", hapo hakuna kusikilizwa. Hayo ni mazungumzo ya kuagana tu.

Na neno la pili ni LUGHA. Katika mashamba makubwa utawakuta watu wa makabila mengi, na barua zote zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mchuma chai hupewa karatasi, huonyeshwa mahali pa kutia sahihi au dole gumba, hutia, na baadaye karatasi ile huletwa mbele ya jaji kuwa ushahidi kwamba alikiri kosa. Sheria inamtaka mwajiri aeleze kwa lugha inayoeleweka na mtu yule aliyeketi mbele yake. Hata notisi yenyewe ya kuachishwa kazi, kama mfanyakazi hawezi kuielewa kwa maandishi, ni lazima asomewe na kuelezwa kwa mdomo. Kwa hiyo mfanyakazi anayesema, "Bwana Ofisa, naomba nielezwe kwa Kiswahili," hafanyi ukaidi. Anadai jambo lililoandikwa.

NDANI YA OFISI

Tuseme mama mmoja wa kiwanda cha chai, mwenye miaka 11 kazini, ameambiwa na nyapara kwamba kilo 40 za majani makavu zimepotea katika zamu yake. Saa kumi jioni anaitwa ofisini. Meneja yupo, ofisa utumishi yupo, mkuu wa askari wa lango yupo. Mama yuko peke yake. Anaulizwa, "Majani yamekwenda wapi?" Anasema hajui. Anaambiwa, "Basi andika kwamba hujui." Anaandika. Asubuhi yake barua inamngoja langoni, na kwa kuwa nyumba anayokaa ni ya kampuni, anapewa siku saba za kuhama na watoto.

Mambo manne yameharibika hapo. Hakuelezwa mapema kwamba tuhuma hiyo inaweza kumwondoa kazini. Hakupewa muda wa kutafakari wala kuwaita waliokuwa naye zamu ile. Hakuambiwa kwamba anaweza kuja na mwenzake. Na maneno yake hayakufikiriwa na mtu yeyote, kwani alichokiandika ni kwamba hajui, na mtu asiyejua jambo hawezi kuwa amelikiri.

Mwakilishi wa chama akiwapo, mkutano ule hubadilika sura. Hana haja ya kupiga meza. Inatosha aseme: "Mzee, twaomba tuhuma hii iandikwe, tupewe siku mbili tatu, na kitabu cha mizani cha zamu ile kiletwe tukione sote." Kila jambo atakalokataliwa aliandike katika daftari, pamoja na tarehe, saa na majina ya waliokuwepo. Daftari la senti chache limewahi kuwa na nguvu kuliko faili zima la kampuni, maana jaji huuliza nani aliandika siku ile ile, na nani aliandika baada ya kushitakiwa.

Wapo wanaodhani kwamba kusikilizwa huku ni lazima kuwe kama mahakama, na mawakili na viapo. Sivyo. Sheria inamtaja mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, haimtaji wakili. Kinachotakiwa ni uwazi na nafasi ya kweli ya kujitetea.

MAKOSA MAKUBWA

Waajiri hupenda kusema kwamba wizi, ulevi na matusi havihitaji mkutano. Ni kweli kwamba kifungu cha 44 kinamruhusu mwajiri kumfukuza mtu bila notisi kwa makosa mazito. Baadhi yaliyotajwa ni kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali, kulewa kiasi cha kutoweza kazi, kuacha kazi kwa makusudi au kuifanya ovyo, kumtukana mwajiri au msimamizi, kukataa amri halali, na kushukiwa kwa sababu za maana kwamba umemfanyia mwajiri kosa la jinai au umeharibu mali yake.

Lakini kifungu cha 41 kinawahusu hata hao. Aliyeshikwa na mali mkononi naye husikilizwa kwanza. Mameneja wengi hukasirika wakiambiwa hivyo. "Nimemshika mwenyewe, nimsikilize nini?" Na hapo ndipo wanapoponzwa, kwa sababu kesi ambayo wangeishinda kwa ushahidi wanaishindwa kwa haraka.

Kuhusu utoro, kuna desturi mbaya ambayo inafaa itajwe. Mtu anazuiwa langoni na askari, anaambiwa "umeondolewa, nenda nyumbani", hapewi barua. Baada ya wiki kadhaa kampuni inaandika katika faili kwamba ametoroka kazi mwenyewe. Mahakama za Kenya zimeuzoea mchezo huu. Humwuliza mwajiri: Ulimtafuta? Ulimpigia simu? Ulimwandikia kwamba asiporudi ataachishwa? Kama hakufanya lolote, neno lake la utoro huwa jepesi. Mfanyakazi naye akizuiwa langoni asirudi nyumbani kunyamaza. Aende siku ile ile kwa mwakilishi wa chama au kwa Ofisa wa Kazi, ajiandikishe kwamba alikuja kazini akazuiwa.

SABABU ZISIZOKUBALIKA

Utaratibu peke yake hautoshi. Sheria inataka pia sababu, na mwenye mzigo wa kuionyesha sababu hiyo ni mwajiri. Mfanyakazi anaonyesha kwamba aliondolewa isivyo haki, na mwajiri ndiye anayepaswa kuhalalisha kwa nini alimwondoa.

Tuwe wakweli hapa, kwa sababu wapo viongozi wa matawi wanaowapa watu matumaini ya bure. Mwajiri hatakiwi kuthibitisha kosa kama polisi anavyothibitisha mbele ya hakimu. Inatosha aonyeshe kwamba wakati ule aliamini kwa dhati, na kwa msingi wa kueleweka, kwamba jambo lilitendeka. Ndiyo maana mtu anaweza kuachiwa huru katika kesi ya wizi na bado akashindwa katika kesi yake ya kazi. Hizo ni njia mbili, na kila moja ina mizani yake.

Zipo sababu ambazo haziwezi kuwa halali hata zikipambwa namna gani. Mimba ni mojawapo, pamoja na kwenda likizo ya uzazi, ambayo Kenya ni miezi mitatu kwa mshahara kamili na haki ya kurudi katika kazi yako. Kwenda likizo ya mwaka ni nyingine. Kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kugombea uongozi wa chama, kumlalamikia mwajiri au kumfungulia kesi, kushiriki mgomo halali, kabila, dini, ulemavu, kuwa na virusi vya ukimwi: zote hizo si sababu. Meneja akimwondoa mwenyekiti wa tawi wiki mbili baada ya uchaguzi, na kuandika kwamba ni kwa "uzembe" ambao haukuwahi kutajwa katika barua yoyote ya onyo kwa miaka minane, jaji hana haja ya miwani kuliona hilo.

KIBARUA NA MTU WA KIPANDE

Sasa tufike mahali panapoumiza. Mashamba mengi, na viwanda visivyopungua, huendeshwa kwa vibarua. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Huyo anaweza kuambiwa jioni kwamba kesho hakuna kazi. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi mmoja au zaidi, au akipewa kazi ambayo kwa kukadiria haiwezi kumalizika chini ya miezi mitatu, basi hahesabiwi tena kuwa kibarua. Mkataba wake umegeuka kuwa wa mwezi, na kuuvunja kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 28. Akifanya kazi mfululizo miezi miwili au zaidi tangu siku alipoajiriwa kuwa kibarua, anastahili masharti yale ambayo angeyapata kama asingeanza kwa ukibarua.

Waajiri wanakijua kifungu hiki kuliko sisi. Ndiyo maana utaona watu wanapumzishwa siku chache, kisha wanaitwa tena, majina yamebadilishwa katika daftari, au wanaandikwa chini ya wakala ambaye ofisi yake ni mfuko wa koti. Dawa ya hayo ni kumbukumbu. Tunza kila karatasi ya malipo, kila kadi ya langoni, kila ujumbe wa fedha uliotumwa kwa simu. Sheria inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi, na asipouleta mkataba huo mahakamani, ni juu yake kukanusha masharti ambayo mfanyakazi anadai walikubaliana. Hilo ni silaha kubwa kwa mtu asiyekuwa na karatasi, ingawa haimwondolei haja ya kuonyesha kwamba kweli alifanya kazi pale.

Mwenye kazi ya kipande, anayelipwa kwa kilo ya majani au kwa gunia, yuko pabaya zaidi. Mwaka 2017, katika kesi iliyoletwa na makumi ya wafanyakazi wa chumvi wa Pwani, Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisema kwamba kifungu cha 37 kinawageuza vibarua, wala hakiwagusi wa kipande. Binafsi naona hukumu hiyo ni kali kwa mtu aliyefanya kipande mahali pamoja miaka nenda miaka rudi. Lakini ndiyo hukumu, na inaonyesha kwa nini mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri una thamani. Yale ambayo sheria imemnyima mtu wa kipande, chama kinaweza kumpatia kwa kuyaandika katika mkataba na kuusajili mahakamani, na mkataba uliosajiliwa unamfunga mwajiri.

WALIO KATIKA MAJARIBIO

Muda wa majaribio Kenya hauzidi miezi sita, na unaweza kuongezwa kwa miezi sita mingine kwa ridhaa ya mfanyakazi. Ukikuta mtu yuko "majaribioni" mwaka wa pili, huyo amedanganywa. Awali sheria iliwatoa hawa katika haki ya kusikilizwa, na iliwazuia walio chini ya miezi 13 kulalamika kwamba wameondolewa isivyo haki. Kizuizi cha miezi 13 kilitangazwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 kuwa kinapingana na Katiba. Na mwaka 2021 majaji watatu wa mahakama ya kazi wakasema hata aliye majaribioni anastahili kusikilizwa.

MASHINE ZIKIINGIA

Kupunguzwa kazini ni jambo la aina nyingine, kwa kuwa hapa mfanyakazi hana kosa. Huko Kericho mashine za kuchuma chai zimekuwa chanzo cha ugomvi kwa miaka mingi. Migomo imefanyika, kesi zimekwenda na kurudi, na mwaka 2023 mashine kadhaa zilichomwa moto wakati wa ghasia. Moto haukumrudisha mchuma chai yeyote kazini, ila uliwapa waajiri nafasi ya kusema kwamba wafanyakazi hawataki maendeleo. Madai yenye nguvu yalikuwa yale yaliyomo katika kifungu cha 40.

Kifungu hicho kinasema mwajiri akitaka kupunguza watu lazima akiarifu chama chao na Ofisa wa Kazi, mwezi mmoja kabla au zaidi, aeleze sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Kwa asiye na chama, ataarifiwa yeye mwenyewe kwa maandishi, pamoja na Ofisa wa Kazi. Majaji wamesema kwamba kuarifu huko si kupeleka barua na kukaa kimya, bali ni kwa ajili ya kuketi pamoja na kutafuta njia: kuhamisha watu, kupunguza saa, kutoa waliokaribia kustaafu kwa hiari. Katika kuchagua nani aondoke, mwajiri aangalie nani alianza kazi kwanza, pamoja na ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mmoja. Hawezi kuanza na wale waliosimama mkutanoni kuuliza maswali.

Anayepunguzwa hulipwa siku zake za likizo ambazo hakwenda, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wake, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Mwenye miaka 12 kazini atakuwa na mshahara wa siku 180. Hicho ni kiwango cha chini kabisa. Chama kikiwa macho kinaweza kupata siku zaidi katika mkataba wa pamoja.

FEDHA NA KURUDISHWA KAZINI

Aliyeshinda kesi ya kuachishwa isivyo haki anaweza kupewa mshahara wa notisi, mshahara wa siku alizofanya kazi bila kulipwa, na fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Tuseme mtu alikuwa akipata shilingi 15,000 za Kenya kwa mwezi. Fidia yake ya juu kabisa ni shilingi 180,000. Wengi hawafiki huko. Jaji huangalia mtu alifanya kazi miaka mingapi, ana nafasi gani ya kupata kazi nyingine, na yeye mwenyewe alichangia kiasi gani katika kufukuzwa kwake. Mwizi aliyenyimwa nafasi ya kujieleza anaweza kushinda kesi na kuondoka na mishahara ya miezi michache tu.

Mahakama inaweza pia kuamuru mtu arudishwe kazini, kama miaka mitatu haijapita tangu aondolewe, lakini amri hiyo hutolewa kwa nadra. Majaji husema uaminifu kati ya pande mbili ukivunjika ni vigumu kuurudisha. Pengine ni kweli kwa mhasibu na mkurugenzi wake. Kwa mchuma chai mmoja kati ya maelfu, ambaye meneja hamjui hata kwa sura, hoja hiyo hainiingii sana akilini.

Tusimsahau pia yule ofisa utumishi. Mara nyingi ni mwajiriwa kama sisi, ana bosi anayetaka mtu aondoke kabla ya chakula cha mchana. Anajua utaratibu, lakini akiutaja anaambiwa anawatetea wakorofi. Kampuni ikishindwa kesi, faili linamrudia yeye. Mwakilishi wa chama mwenye busara hamfanyi huyu adui. Humpa barua ya kumkumbusha kifungu, ili naye apate cha kumwonyesha bosi wake.

SIKU ZINAHESABIWA

Malalamiko ya kuachishwa kazi Kenya yanaweza kupelekwa kwa Ofisa wa Kazi ndani ya miezi mitatu. Ofisa huyo hujaribu kusuluhisha, na mfanyakazi hamlipi kitu. Ikishindikana, au mtu asipopita huko, kuna mahakama ya kazi, ambayo ina majaji Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, Nyeri, Kericho na kwingineko. Na tangu mwaka 2018 mahakimu walioteuliwa katika mahakama za wilayani wanaweza kusikiliza kesi za wafanyakazi ambao mshahara wao hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi. Hiyo ina maana kwamba mtu wa shambani si lazima asafiri mbali.

Mwisho wa kufungua kesi ni miaka mitatu. Inaonekana mingi, na kwa sababu hiyo watu huipoteza. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliamua kesi ya watumishi waliofukuzwa huku wakishitakiwa kwa jinai. Walingoja kesi ya jinai iishe, wakaachiwa huru, ndipo wakaja kudai kazi yao. Wakaambiwa wamechelewa. Siku zilianza kuhesabiwa tangu barua ya kufukuzwa, si tangu walipoachiwa. Rufaa za ndani ya kampuni nazo hazisimamishi saa. Kwa hiyo mtu anayeambiwa na ofisi "ngoja tunalishughulikia jambo lako" aendelee kungoja kama anataka, lakini kesi yake awe amekwisha kuifungua.

Upande wa Tanzania muda ni mfupi mno. Anayelalamika kwamba ameachishwa isivyo haki anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na akichelewa itabidi aombe kwanza aruhusiwe, akieleza sababu ya kila siku iliyopita. Anayefanya kazi upande mmoja wa mpaka na kulala upande wa pili asichanganye hesabu hizi mbili.

Jambo la mwisho linalosahauliwa ni cheti cha utumishi. Kila anayeacha au kuachishwa kazi Kenya, isipokuwa aliyekaa chini ya wiki nne, anastahili cheti chenye jina lake, kazi aliyoifanya, tarehe aliyoanza na tarehe aliyoacha. Hata aliyefukuzwa kwa kosa hanyimwi. Mwajiri halazimiki kumsifu mtu ndani yake, lakini kutokitoa kwa makusudi ni kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Kidai siku ile ile unaporudisha vifaa vya kazi, na kabla hujatia sahihi karatasi yoyote inayosema kwamba huidai kampuni kitu, isome yote, au mpe mwakilishi wa chama akusomee.